Saa za Laga

Kwa maneno ya Monique, Lomenen aliingia majini akiimba.

"Miye nakwambia, ile mutu alikuwa amelewa," alisema, huku akigeuza samaki kwenye mafuta. "Batu wa Lopur walimwona na macho yao. Maji imejaa mpaka huku, imebeba miti, imebeba mbuzi, na yeye anaimba tu, dirisha wazi, mkono nje. Lori ikaingia pwaa! Ikageuka mara moja, tumbo juu. Bana, pombe ni shetani."

Wanawake waliokuwa wakingoja samaki waliguna. Mmoja akasema yeye alisikia ni chupa mbili. Mwingine akaongeza kwamba kabla ya kuingia majini Lomenen alimtukana mzee aliyemkataza. Kaburi lilikuwa bado halijakauka udongo, na tayari habari ilikuwa imeota miguu.

Nakaale alikuwa amekaa juu ya kreti tupu, mgongo ameuegemeza ukutani mwa depo, hatua chache kutoka kwenye kikaango. Alisikiliza mpaka mwisho. Lomenen alikuwa mlokole. Hata busaa ya harusini hakuigusa. Monique mwenyewe alilijua hilo, maana Jumapili akilala Kakuma walisali kanisa moja. Lakini mtu akifa kifo kisichoeleweka, walio hai humtafutia sababu, na pombe ni sababu inayookotwa bila kuinama.

"Nawe Nakaale, mbona kimya? Si alikuwa mutu wa kwenu?" Monique alimgeukia.

"Nasikiliza, mama Elyse."

"Kusikiliza si kazi."

Wanawake wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka kuwa wanazungumzia maiti.

Kazi ya Nakaale ilikuwa kupokea samaki. Kampuni iliwanunua ziwani, ikawapanga kwenye barafu Lodwar, na malori mawili yakawaleta Kakuma, ambako Wakongo na Warundi wa kambini hawahesabu kwamba wamekula kama hawakuona mwiba kwenye sahani. Lori moja liliendeshwa na Lomenen. La pili liliendeshwa na Erupe, kaka yake Nakaale wa tumbo moja. Lori likifika, Nakaale alifungua milango, akatia mkono ndani ya barafu, akafunua mashavu ya samaki kuona kama bado ni mekundu, kisha akawasimamia wapakuaji. Na kila hatua aliibonyeza kwenye simu ya kampuni: IMEFIKA, lori likiingia getini, IMEFUNGULIWA, milango ikifunguka, IMEISHA, kreti ya mwisho ikiingia stoo. Kule Lodwar mtu mwingine alikuwa amebonyeza IMETOKA. Kutokana na vibonyezo hivyo, meneja wao, Cornelius, alipika ripoti ya uchambuzi kila mwisho wa mwezi.

Ilikuwa karatasi moja tu, yenye mistari minene kama vidole: kijani kwa anayefanya vizuri, manjano kwa anayeyumba, nyekundu kwa anayeharibu. Na tuseme haki, karatasi ile ilisaidia. Zamani samaki walifika wamelegea, macho meupe, na kila mtu akamtupia mwenzake lawama. Lodwar walisema ni njia, madereva wakasema ni barafu, wa barafu wakasema ni jua la Turkana, na jua halina wa kulitetea. Cornelius akaiweka ripoti mezani, akaonyesha kwa kalamu kwamba lori lilikuwa likisimama Lodwar limeshajaa, likingoja karatasi ya kutokea itiwe sahihi na mtu aliyekwenda kunywa chai. Wakapindua utaratibu: sahihi kwanza, barafu baadaye. Wiki hiyohiyo samaki walifika wakakamavu, hata Monique akawagonga kwa kidole akacheka peke yake.

Tangu hapo Nakaale aliipenda ripoti. Shule yake iliishia darasa la nane, lakini rangi hazina darasa. Aliibandika ukutani mwa stoo, na kila mwezi alipoona kidole cha Kakuma ni kijani, alihisi kama mtu aliyesifiwa mbele ya wageni.

Halafu mvua zikaanza.

Kati ya Lodwar na Kakuma, upande wa Lopur, njia inashuka ndani ya laga, mto wa mchanga ambao mwaka mzima ni mapito ya mbuzi tu. Siku milima ya mbali ikinyeshewa, laga huja. Juu yako anga inaweza kuwa safi kama sahani iliyooshwa, na laga ikaja imefura, nyekundu, imebeba miti mizima. Madereva wa njia ile walikuwa na desturi yao. Wa kwanza kufika huchomeka kijiti ukingoni, pale maji yanapolamba. Hakuna anayewasha gari mpaka maji yakiache kijiti, na mchanga unaokizunguka ugeuke rangi. Hata uwe askari, hata uwe mbunge, hata uwe umebeba maiti inayongojwa, utazima injini na kukaa. Na aliyechomeka ndiye anayechomoa.

Ripoti haikujua desturi hiyo. Saa za kungoja kijiti ilizihesabu kuwa saa za kuendesha. Nakaale alijaribu kuisaidia: chini ya vibonyezo kulikuwa na nafasi ndogo ya maelezo, naye kila mara akaandika, Laga imejaa. Cornelius alipokuja Kakuma alimuuliza.

"Naona unaandika andika pale chini."

"Ndiyo, bosi. Ni laga."

"Nakaale, ripoti haisomi maneno. Inasoma namba."

"Basi namba ya laga iwekwe wapi?"

Cornelius alicheka, tena kicheko kizuri cha mtu asiye na kiburi. "Umeuliza swali la maana. Nitaliangalia."

Akaingia garini, akarudi Lodwar, na swali likabaki Kakuma.

Erupe akawa mwekundu mwezi wa kwanza wa mvua. Akawa mwekundu mwezi wa pili, akapewa barua ya pili ya onyo. Wa tatu ulijulikana: mara ya tatu ni nyumbani. Mama yao, watoto wa Erupe, na mjane wa ndugu yao aliyeuawa na wezi wa mifugo njia ya Kainuk, wote walikuwa wanakula kutoka kwenye usukani ule mmoja.

Siku moja akampigia dada yake.

"Niko laga. Nimechomeka kijiti. Haya maji hayana mpango wa kwenda popote."

"Usivuke, Erupe."

"Sivuki, mimi si mwendawazimu. Lakini nikingoja nimekwisha. Wewe una kidole."

"Kidole cha nini?"

"Unajua cha nini."

"Erupe!"

"Kidole tu, dada. Sikukuomba figo."

Nakaale alitazama getini. Hapakuwa na lori. Palikuwa na mbuzi anayetafuna boksi. Akabonyeza IMEFIKA. Simu ikalia kile kilio chake kifupi, kama siku zote, wala haikumuuliza kitu. Lori lilikuja jua likielekea kuzama, magurudumu yamejaa tope, kaka yake akashuka akimwonyesha meno yote. Walifungua, wakapakua. Tangu siku hiyo, kila laga ilipojaa, kidole kilitangulia na lori likafuata.

Alidhani ameziua zile saa. Lakini saa haifi. Ukiifukuza mahali, inakwenda kukaa pengine. Kwa kuwa lori "lilifika" mapema na milango ikafunguliwa jioni, zile saa za laga zilihamia mlangoni pa Nakaale. Ripoti iliyofuata ilikuja hivi: Erupe kijani, Lomenen mwekundu, na depo ya Kakuma, ambayo haijawahi hata kuwa manjano, nyekundu iliyoiva.

Cornelius aliileta mwenyewe. Akaibandika mlangoni pa stoo, wote wakasimama mbele yake, madereva, wapakuaji na Nakaale.

"Tatizo letu lilikuwa limejificha hapa," alisema, kalamu ikigonga kidole chekundu. "Tulidhani ni njia. Kumbe njia ni safi! Erupe anapita kwa saa mbili na nusu, mvua inyeshe isinyeshe. Gari linafika, halafu linakaa getini milango imefungwa. Nakaale, huwa mnafanya nini?"

Nakaale alimtazama kaka yake. Kaka yake alitazama viatu.

"Tunachelewa kufungua."

"Kwa sababu gani?"

"Uvivu, bosi."

Neno lilimtoka kavu. Cornelius alionekana kuumia kuliko kukasirika, maana alikuwa akimheshimu Nakaale. Akapitisha mambo mawili. La kwanza, saa za Erupe ndizo zitakuwa kiwango cha njia kwa kila dereva, masika na kiangazi. La pili, malori yatafungwa traka, mashine ndogo inayojua yenyewe gari liko wapi, ili asiwepo tena wa kubonyeza kwa kuchelewa.

Lomenen, mtu mzima mwenye mvi mpaka kifuani, alipiga makofi polepole.

"Hongera, Erupe. Lori lako lina mabawa, au laga inakuona inakupisha?"

"Ni bahati tu, mzee."

"Bahati. Mimi nimepita njia hii tangu ni mawe. Hiyo bahati sijaiona hata mkia."

Wapakuaji wakacheka. Erupe akacheka pamoja nao, akawa wa kwanza kunyamaza.

Baadaye Lomenen alimfuata Nakaale nyuma ya stoo, alikokuwa akiosha kreti.

"Binti, mimi si mtoto," alisema. "Sitamwambia mtu. Lakini siku nikikupigia kutoka laga, unibonyezee na mimi."

"Mkiwa wawili itaonekana, apa." Alimwita apa, kama ambavyo angemwita baba yake mzazi.

"Itaonekana nini?"

"Depo itazidi kuwa nyekundu. Watanifukuza, kisha watachimba mpaka wamkute Erupe."

Lomenen alitikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali. "Basi fikiria. Mimi pia nina watoto, ila hawakubahatika kuwa na shangazi depo."

Traka zilikuwa bado njiani kutoka Nairobi wakati mvua kubwa iliposhuka. Simu iliita Nakaale akiwa mlangoni.

"Niko laga, binti. Nimechomeka."

"Pole, apa."

"Sikutaka pole. Bonyeza. Barua yangu ya pili iko mfukoni hapa."

Kidole kilikuwa juu ya IMEFIKA. Nakaale aliuona mstari wake mwekundu ukirefuka mpaka nje ya karatasi, akamwona Cornelius akiuliza tena, na safari hii uvivu usitoshe. Akamwona mama yake.

"Ngoja kidogo, nifikirie."

"Nilikwambia ufikirie tangu nyuma ya stoo."

"Kidogo tu, apa. Usivuke."

Nyuma ya sauti yake yalisikika maji, ngurumo nzito isiyokata pumzi.

"Haya," Lomenen alisema. "Fikiria."

Simu ikakatika. Nakaale akaiweka juu ya kreti, akachukua ufagio, akaosha sakafu ambayo ilikuwa safi. Alipomaliza aliirudia simu, akabonyeza. IMEFIKA. Ikalia. Akampigia Lomenen kumwambia, "Tayari, apa, kaa hukohuko," na simu ya Lomenen ikawa haipatikani. Akasema ni mtandao. Akampigia tena, na tena, mpaka pikipiki ikaja kutoka Lopur na watu wawili wasiojua waanzie wapi.

Mazikoni alikutana na Emanikor, mchoma makaa wa ukingoni mwa laga, ambaye ndiye peke yake aliyekuwepo.

"Hakuimba," Emanikor alimwambia. "Watu wanapenda kuongeza. Alichomeka kijiti chake kama siku zote, tukakaa pamoja, akanipa sigara ambayo yeye mwenyewe havuti, anazibeba za kupea watu tu. Halafu akapiga simu. Baada ya hapo akawa anaiangalia ile simu mkononi. Akaangalia, akaangalia. Kisha akainuka, akachomoa kijiti na maji bado yamekishika. Nikamwambia, Lomenen, bado! Akasema, kwangu mimi tayari."

Nakaale alirudi Kakuma na maneno hayo, hakuyasema kwa mtu. Ndiyo maana Monique alipokaanga samaki na kukaanga hadithi pamoja nao, alisikiliza tu.

Ripoti ya mwezi ule ilipokuja, aliitafuta safari ya mwisho ya Lomenen. Ilipaswa kuwepo: imetoka, imefika, tena ndani ya kiwango. Haikuwepo. Mstari wa Lomenen ulikuwa umefutwa wote, na chini yake maneno madogo: kosa la dereva. Yaani karatasi isiyosoma maneno, siku hiyo ilijua kuandika.

Traka zikafungwa. Na wiki hiyo wachungaji wa mifugo waliotoka juu wakasema mawingu yamelala milimani kama ng'ombe waliochoka. Erupe alikuwa Lodwar, apakie atoke. Sasa hapakuwa na kidole cha kutangulia. Ilikuwa yeye na kiwango kilichobeba jina lake, kiwango ambacho hajawahi kukifikia siku yoyote ya maji.

Nakaale alidandia lori la makaa alfajiri, laga ikiwa bado na mchanga mkavu, akafika Lodwar jua limepanda. Alimkuta kaka yake uani akitazama barafu ikimiminwa.

"Leo laga inakuja," alimwambia.

"Nimesikia."

"Utachomeka kijiti?"

"Nitachomeka."

"Na utangoja?"

Erupe alijipangusa shingo. "Nikingoja wataniuliza, mbona zamani uliweza? Niseme nini?"

"Sema ukweli."

"Ukweli wa nani, wangu au wako? Tutafukuzwa wote wawili, dada. Mama atakula kiwango?"

"Erupe, angalia Lomenen."

"Lomenen alikuwa mzee, na lori lake breki mbovu. Nitayaangalia maji yenyewe."

Katika maisha yake Nakaale hakuwahi kumsikia dereva wa njia ile akisema atayaangalia maji. Kijiti kiliwekwa kwa sababu mwenye haraka akiyaangalia maji, kila mara huyaona yamepungua.

Akaenda ofisini. Cornelius alikuwa peke yake, feni ikizunguka, kompyuta wazi mbele yake.

"Nakaale! Ejok?" alimsalimu kwa Kiturkana. "Nani amebaki depo?"

"Ejok, bosi," Nakaale aliitikia salamu, swali la depo akaliruka. "Safari ya mwisho ya Lomenen imekwenda wapi?"

Cornelius akaacha kuandika. "Ile tuliiondoa. Ilionyesha alifika. Hitilafu ya mfumo."

"Haikuwa hitilafu. Nilibonyeza mimi, na lori liko majini. Na kabla yake nilimbonyezea Erupe, kila laga ilipojaa. Hakuna aliyepita mvua kwa saa mbili na nusu. Alikuwa amekaa kwenye kijiti kama wenzake, na mimi nabonyeza."

Nakaale alitegemea bosi angepiga meza. Cornelius alikaa tu, uso ukimlegea kidogo kidogo kama samaki aliyekosa barafu.

"Nilikuwa na wasiwasi," alisema mwishowe. "Niliiona ile safari nikawa na wasiwasi. Kaa chini."

Nakaale hakukaa.

"Unajua hiki kiwango kimefika wapi?" Cornelius aliendelea, sauti chini. "Wenye kampuni wamekitia kwenye mkataba. Kwa sababu ya ripoti hiyo Kakuma inajengewa stoo ya pili. Watu wataandikwa kazi, watu wa kwenu. Mimi ndiye niliyetia sahihi kwamba namba ni za kweli."

"Tufukuze. Mimi na Erupe. Leo hii. Afadhali akae nyumbani na njaa."

"Na mimi?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kuambiwa. Nje, injini ya lori iliwaka, ikakohoa, ikatulia.

"Bosi, sijaja kwa ajili ya mkataba. Mimi Erupe ameshanikatalia. Wewe hatakukatalia. Mpigie, umwambie kwa mdomo wako kwamba leo saa za laga hazihesabiwi. Mengine tutaulizana kesho."

Simu ya Cornelius ilikuwa mezani, karibu na mkono wake. Geti la ua lilifunguliwa, likasikika likikwaruza chini, kisha likafungwa. Kwenye kompyuta nukta ndogo ya kijani, traka ya lori la Erupe, ilitoka kwenye ua wa Lodwar, ikashika njia ya Kakuma. Cornelius aliifuata kwa macho. Mkono wake ulikuwa palepale.

"Bosi," Nakaale alisema. "Mpigie."